Kuku Ulioniachia kwa Siku Chache

Mama Wekesa,

Ulisema siku chache. Nilisikia vizuri, kwa hivyo usianze kunibishia huko uliko. Ulisimama kwa lango langu na kile kibegi chako cha kahawia, sweta ya kijani umeifunga vifungo mpaka shingoni, ukasema, "Jirani, nishikie hawa wasichana siku chache tu. Madaktari wa Kajiado wakishatoa hii kitu iko kwa tumbo, narudi nawachukua." Halafu ukaanza kunipa masharti mpaka dereva akapiga honi. Leo mvua imenyesha, nyasi zimeota hadi kando ya lami, na mimi bado nimeshika.

Ningeanza na kulia, lakini nimekasirika kwanza. Acha nikasirike. Tangu uende sijui kukaa kitako. Niko kwa cherehani, lango linatikisika kidogo tu, hata kama ni upepo, na unajua upepo wa Kitengela haupumziki, nimeshasimama. Nguo ya mtu imeanguka kwa vumbi, sindano imekatika, mimi niko nje nachungulia barabarani. Nani? Hakuna mtu. Ni bati la choo. Mutuku wangu amezoea, siku hizi hata haniulizi naangalia nini.

Na ni wewe umeniweka hivi. Ile siku nilikuja kukuona hospitali, hukuniuliza habari ya mtoto, hukuniuliza kama nimekula njiani. Uliniuliza, "Waziri anakula?" Nikakwambia anakula kunishinda. Ukacheka huku umeshika tumbo. Nimeshafika mlangoni ukaniita tena, ukasema, "Waambie nakuja." Na mimi mjinga nikaenda nikawaambia. Nilisimama jikoni kwangu, mwanamke mzima, nikawaambia kuku watatu kwamba mama yao anakuja.

Nakumbuka tulivyojuana. Nilikuwa nimehamia juzi kutoka Machakos, simjui mtu, nyumba zenyewe zilikuwa za kuhesabu na nyumbu wanapita nyuma ya choo bila haraka. Nikakuona nje umeweka karai juani, umekunja mikono ya sweta, unaosha kuku. Si aliyechinjwa. Kuku mzima, amefumba macho, anasinzia kwa maji ya moto. Nikasema moyoni, haki nimehamia karibu na mwendawazimu. Ukainua kichwa ukasema, "Karibu, jirani. Huyu ni Sista. Hapendi sabuni ya unga."

Sista, mweupe mwenye shingo nyeusi, ulisema alitoka kwa yai akiwa mtawa. Waziri ni yule mnene anayetembea kama ana walinzi nyuma yake, na ambaye tangu umjue hakuwahi kutaga yai hata moja. Na Nekesa, wa kahawia, ndiye alikuwa roho yako. Mungu alikupa Wekesa peke yake, na wewe ulitaka msichana umwite Nekesa, ukangoja, ukakosa. Jina likakaa bila mwenyewe miaka yote hiyo mpaka ukampa kuku. Wekesa alinuna. Mtu mzima, ana shamba lake la mboga kule Loitokitok, lakini aliniambia kwa uchungu kabisa, "Mama Mutuku, dada yangu ana manyoya."

Kilichonishangaza ni kwamba wewe ni wa kule magharibi, na kwenu mgeni akitokea, kuku ameshaanza kukimbizwa kabla salamu haijaisha. Uliniambia mwenyewe. Mgeni wa maana asipowekewa kuku, na firigisi ikakosa kwenye sahani ya mzee, ni kama umemfukuza. Hiyo desturi hukuiacha hata siku moja. Mgeni akija ulinituma sokoni nikuletee kuku mwingine, ukachinja huyo wa sokoni, na hao watatu ukawafungia chumbani na redio juu wasisikie. "Hawa si mboga, jirani," uliniambia. "Hawa wananikalia." Maana ulikuwa umestaafu kufundisha, mzee wako alishatangulia, kijana yuko mbali, na jioni za hapa ni ndefu.

Sasa masharti yako. Ugali laini, umepoa, usitiwe chumvi. Omena wachemshwe, wasikaangwe. Baridi ikija, mafuta ya mgando miguuni. Kwa sanduku lao la kulala itandikwe ile leso ya maua, si gunia, gunia linamkwaruza Sista. Na redio. Redio iwashwe jua likianza kuingia, la sivyo hawapandi kulala. Nilidhani unaongeza chumvi. Jioni ya kwanza nikasema nitabana betri. Woi! Waziri alizunguka jikoni akigombana na sufuria mpaka nikasalimu amri. Nilipowasha tu, wakapanda wote watatu wakanyamaza, wakasikiliza salamu za wasikilizaji kama wamama wa kanisa. Tangu hapo betri naanika juu ya mabati mchana zipate nguvu, vile ulivyokuwa ukifanya.

Kuna jambo hulijui. Kifo chako sikuambiwa na mtu, niliambiwa na redio. Wekesa alipiga simu pale dukani, sijui nani alipokea, hakuna aliyekuja kuniita. Jioni nikawasha kwa ajili yao, nikawa nachambua omena. Baada ya salamu yakaja matangazo ya vifo, ambayo mimi husikiliza kwa sikio moja. Mtangazaji akasema kwa ile sauti yake ya chini, mwalimu mstaafu wa Kitengela, habari ziwafikie, akaanza kutaja watu wa kwenu mmoja mmoja. Nikafikiria, kumbe tuko na mwalimu mstaafu mwingine hapa, maskini. Halafu akataja jina lako lote.

Niliwaangalia kuku. Nekesa alikuwa ameshaingiza kichwa kwa bawa. Nikakaa chini kwa sakafu nikapiga nduru, Mutuku akaja mbio akazima redio, na alipoizima tu wakaamka wote wakaanza kulalamika, ikabidi aiwashe tena. Nililia na nikacheka, vyote pamoja, sijui majirani walifikiria nini. Nilikuwa nimewaambia unakuja.

Watu wakaanza kujaa kwako kwa matanga. Walimu wenzako, watu wa kwenu wanaoishi Athi River na Ngong, wengine hata sikuwahi kuwaona. Shemeji yako Mzee Barasa akafika kutoka nyumbani na kofia yake na fimbo. Nakwambia ukweli, nilimpenda. Alilia wazi mbele ya watu, hakujificha. Lakini alipotulia akaangalia chai, akaangalia mkate, akasema, "Nyumba ya mwalimu. Na tunapewa mkate." Watu wakaangaliana. Mmoja akauliza, "Si marehemu alikuwa na kuku?"

Mama Wekesa, walikuwa wanauliza hao wasichana wako. Na ubaya ni kwamba hawakukosea. Mwenye nyumba ameenda, wageni wake wamekuja kumsindikiza, wanataka kula kwa mkono wake mara ya mwisho. Angekuwa ni mtu mwingine ningeshika kisu mwenyewe. Wekesa akanitazama, macho mekundu, akasema polepole, "Mama Mutuku, kesho utatuletea." Hakunilazimisha. Alikuwa ameaibika mbele ya wazee wake, na nilimhurumia. Nikasema sawa.

Sikulala vizuri. Nitawapeleka wapi? Kwa Mkamba mwenzangu? Atakula. Kwa mama wa kanisa? Ataomba kwanza, halafu atakula. Kitengela yote sikuona mtu ambaye ukimwachia kuku watatu wanono, utarudi uwakute watatu. Halafu nikamkumbuka Koko.

Koko Nasieku, yule nyanya wa Kimaasai aliyekuwa akituletea maziwa kwa punda, wewe na mimi. Unakumbuka ile Krismasi ulimkaribisha mezani? Aliangalia sahani, akakuangalia, akasema, "Mwalimu, hii ni ndege," akaisukuma pole pole na kuomba chai. Wajukuu wake wanakula kuku na chipsi mjini kama watu wengine, lakini yeye na wazee wa rika lake, ndege si chakula. Ulicheka wiki nzima. Basi pahali salama kuliko pote kwa kuku wako palikuwa bomani kwa Koko, kule kabla ya Isinya ukielekea Kajiado.

Asubuhi na mapema nikawatia kwa kikapu cha sokoni pamoja na leso yao. Nikabeba na majani ya chai na sukari, kwa sababu huendi kwa mtu mikono mitupu. Koko alikuwa amesimama mlangoni. Kiswahili chake ni cha kuuzia maziwa, Kimaa changu kinaishia kwa salamu, "supa," kwa hivyo sikueleza mengi. Nilimwekea kikapu mikononi, Waziri akatoa kichwa. Koko akawaangalia kwa muda, akawatemea mate kidogo kidogo, yale ya baraka. Hiyo naijua, nikafurahi. Halafu akavua uzi wa shanga kwa mkono wake akanivisha mimi. Nikashukuru. Nilikuwa na haraka, sikuuliza ni za nini.

Nikarudi mbio nikapitia sokoni, nikachukua kuku wa gredi, wale wa kulelewa bandani, nikawaleta kwako wakiwa wamenyonyolewa tayari mtu asione rangi. Mzee Barasa akawekewa firigisi yake. Akatafuna, akatafuna, akasema, "Mwalimu alifuga kuku laini. Hawa hawajawahi kutembea." Nikainamisha kichwa. Wekesa alijua. Alinitazama juu ya sahani yake kwa muda, nikangoja anifichue mbele ya watu. Akaongeza supu. Nadhani siku hiyo alimsamehe dada yake.

Nilikuja Kajiado wakikutoa, nikaona gari lako likielekea kwenu. Lilipita Kitengela bila kusimama.

Jumapili iliyofuata nikaenda kuchukua kuku. Nikamkuta Koko anawanywesha maziwa kwa kifuniko cha kibuyu. Kila mmoja amefungwa shanga mguuni, nyekundu na nyeupe. Kwao mifugo huwekwa alama kwa sikio, na hawa akawageuza geuza asione sikio la kukata, ndiyo akawavisha. Walikuwa wanalala ndani ya nyumba yake na wana-kondoo. Redio hana, jioni anawaimbia mwenyewe. Nikamwambia, "Koko, nimekuja kuwachukua." Akanikazia macho kama nimetukana mtu.

Mke wa mwanawe ndiye alinifungua macho. Kwao ukimletea mtu mnyama nyumbani kwake, ukamtia mkononi, na yeye akabariki na kukuvisha, hiyo si kushikiwa. Huo ni undugu. Hamwitani tena kwa majina. Aliyepewa ng'ombe na aliyempa huitana Pakiteng, wa kondoo huitana Paker, mpaka mmoja afe. Wa kuku hawakuwahi kusikika, kwa hivyo Koko alikuwa ametunga. Akanigusa kifua na kidole, akasema, "Pakuku." Hebu fikiria! Na undugu haurudishwi kwa kikapu.

Nilipandwa na hasira, unanijua. Nikapayuka, "Hawa si wangu wa kupeana! Nimeachiwa tu! Mwenyewe anakuja!" Nilisema hivyo katikati ya mbuzi, na wewe umeshazikwa. Mwenyewe anakuja. Yule mke wa mwanawe akatafsiri, sauti imeshuka. Koko akauliza kitu. Nikaambiwa, "Anauliza, huyo anayekuja anatoka wapi?"

Koko akanikalisha kwa kigoda, akaniwekea Nekesa mapajani, akaenda zake kukamua.

Nikawa naenda Jumapili baada ya Jumapili. Nilijiambia naenda kuwadai. Uongo. Nilikuwa nakaa kwa kile kigoda, na pale peke yake ndipo miguu yangu ilitulia. Nikirudi Kitengela inaanza tena. Lango, upepo, lango. Nyumba yako Wekesa amepangisha kijana mmoja na bibi yake, wanafanya kazi kwa viwanda vya nguo. Wameipaka bluu. Ule ua wako wa miiba wamekata wakaweka ukuta wa mawe. Ni watu wazuri, wananisalimia kila asubuhi, na mimi nimewanunia bure tu kwa sababu wanatumia mlango wako.

Halafu ukame ukakaza. Umeme ukawa wa mgao, maji ya kununua, na ng'ombe wakawa wanaanguka kando ya barabara mpaka unageuza uso. Vijana wa Koko walisukuma waliobaki hadi Nairobi kutafuta nyasi kwa bustani za watu. Punda wa maziwa akaacha kuja. Bomani kulibaki mbuzi wachache na maziwa ya watoto tu, na siku moja nikamkuta Koko anamimina kidogo kwa kile kifuniko. Nilimshika mkono. Nikamwambia acha, Koko, hawa ni kuku, wacha wafe kama wengine wanavyokufa. Naam, mimi ndiye nilisema hivyo, kuku wako ulioniachia. Nilikuwa nimechoka. Akanitoa mkono. "Hii ya Pakuku," akasema, akamimina.

Sasa sikiliza ya jana, ndiyo imenifanya nitafute kalamu.

Mvua imekuja, udongo wetu mweusi umekuwa ule unaovua mtu viatu. Nilikuwa nashona sare za shule. Lango likatikiswa. Mama Wekesa, niliendelea kushona. Nikamaliza mshono, nikakata uzi kwa meno, nikaita, "Ingia, liko wazi!" Sauti ikajibu, "Pakuku!" Nikatoka polepole. Koko na punda wake, tope mpaka magotini, na kikapu changu kile kile. Nikafunua. Nekesa, shanga mguuni, amekasirika vibaya, na chini yake vifaranga wanachungulia. Jogoo wa boma la jirani alikuwa amepita, Nekesa akalalia mayai huko huko, na wakanificha wanishtue. Undugu wao huenda na kurudi, na sasa ilikuwa zamu ya Koko kunipa mimi. Sista na Waziri wamebaki kwake. Waziri ametaga. Ndiyo, Waziri. Kaa chini kwanza.

Tukanywa chai. Bibi ya yule mpangaji akachungulia juu ya ukuta, akasema, "Wueh, Mama Mutuku! Na hao wazuri ni wa nani?" Mdomo ukajibu peke yake vile umezoea, "Si wangu, nimeachiwa." Akauliza, msichana wa watu hana ubaya, "Na mwenyewe anawajia lini?" Nikajifanya namimina chai.

Koko alipoenda, jua likaanza kuingia, nikawasha redio. Nekesa akatega kichwa, akaikumbuka, akapanda kwa leso yake na watoto wake. Hapo ndipo ikanishika. Mtu alitikisa lango na mimi sikukufikiria. Sikuruka. Sikufikiria hata kidogo kwamba ni wewe. Niliogopa, nakwambia. Nilihisi kama nimekufungia nje kwa mvua. Nikalia kushinda siku ile ya matangazo, na safari hii hakukuwa na kucheka.

Nimefikiria usiku kucha na mchana wote wa leo, na bado nimekukasirikia kidogo. Lakini nimechoka kusimama simama. Nisikie. Hakuna atakayeliwa, si Sista, si Waziri, si Nekesa, wala hawa vifaranga. Majogoo wakitokea nitafikiria. Omena nitachemsha. Betri nitaanika. Koko nitamtembelea kila Jumapili, na nikifa mimi kwanza, yeye ndiye atawachukua hawa, huko hakuna wa kuwagusa. Na yule msichana wa ng'ambo ya ukuta nitamwita nimpe yai, nimjibu vizuri. Nitamwambia ni wangu.

Kwaheri, jirani. Pumzika, huna mgonjwa huku wala mgeni wa kupikia. Jua limeanza kuingia na Nekesa ananizunguka miguuni, acha nikawashe redio. Wakishapanda wote wakanyamaza, nitawaambia kwamba huji.

Mimi jirani yako,
Mama Mutuku